Kazi ya kuzuia maji: fundi wa roboti za bahari kuu yuko nyumbani Kisumu, ulizeni

FundiWinam (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa, hamjambo. Nimerudi Kisumu wiki iliyopita baada ya miezi mitatu ya bahari, na tangu nifike, kila nikiketi kibandani pale Kondele kunywa chai naulizwa swali lile lile: je, ni kweli unaendesha nyambizi? Nimechoka kulijibu vipande vipande, kwa hiyo nimeamua kuandika yote mahali pamoja, ili atakayeuliza tena nimwelekeze huku.

Siendeshi nyambizi. Mimi ni fundi wa vyombo vinavyoshuka hadi sakafu ya bahari bila mtu ndani yake, pamoja na vihisi vinavyobebwa na vyombo hivyo. Meli yetu ni ya utafiti. Roboti yenyewe ina ukubwa wa Probox iliyoongezwa kimo, ina uzito wa tani tatu na zaidi, ina propela pande zote, taa, kamera, na mikono miwili ya titani ambayo rubani huiongoza akiwa ameketi ndani ya kontena lililofungwa kwenye sitaha ya meli. Kati ya kontena hilo na roboti kuna kebo isiyozidi unene wa kidole gumba, ambayo ndani yake mna nyaya za umeme na nyuzi za faiba, na nje yake mna tabaka za chuma zinazobeba mzigo wote. Kebo ni ya lazima kwa sababu mawimbi ya redio hayafiki mbali katika maji ya chumvi, na mwanga hufifia upesi. Sauti ndiyo inayosafiri mbali, lakini nayo huenda kwa kasi ya mita 1,500 hivi kwa sekunde, kwa hiyo neno linalotumwa kutoka kina cha mita 4,500 huchukua sekunde tatu kufika juu, na video haiwezi kupita kwa njia hiyo. Vipo vyombo vingine visivyo na kebo, ambavyo hupewa programu juu ya sitaha, vikashuka peke yake, vikatoa taarifa fupi fupi kwa sauti, na kurudi vikiwa na ramani ya sakafu ya bahari tumboni. Hivyo navyo tunavihudumia, lakini moyo wangu uko kwa chombo cha kebo.

Watu wakisikia neno roboti hudhani kazi yote ni ya kompyuta. Kompyuta zipo, ila nikizihesabu saa zangu za zamu, nyingi zimeishia kwenye grisi, oringi, plagi na mafuta. Nyanya yangu wa Ahero aliponiuliza ninalipwa kufanya nini, nilimjibu kwamba nalipwa kuzuia maji yasiingie ndani ya vitu. Alicheka sana, akasema kwamba Nyando nzima, na mafuriko yake, haijawahi kuyazuia maji, sembuse mjukuu wake.

Na maji ya huko hayana mzaha. Kila mita kumi unazoshuka baharini, shinikizo huongezeka kwa kiasi kinacholingana na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu. Katika kina cha mita 6,000, eneo dogo kama ukucha, yaani sentimita moja mraba, hubanwa na uzito unaozidi kilo 600. Hayo ni karibu magunia saba ya mahindi, yale ya kilo 90, yamepangwa juu ya ukucha mmoja.

Njia za kuishi na mzigo huo ni mbili. Ya kwanza ni kuziweka kamera na kompyuta ndani ya mtungi mnene wa titani uliobaki na hewa yake. Ya pili, ambayo mimi huipenda zaidi kwa sababu ina akili, ni kuliondoa lile linaloweza kubanwa: kisanduku cha nyaya au mota hujazwa mafuta mpaka pasiwe na hata povu la hewa, kisha huunganishwa na mfuko wa mpira wenye springi, ambao hulifanya shinikizo la mafuta ndani lizidi kidogo shinikizo la bahari nje. Kisanduku chenyewe kinaweza kuwa chepesi tu, kwa kuwa kimesukumwa sawasawa kutoka pande zote, na pakitokea ufa ni mafuta yatakayotoka, si maji yatakayoingia. Kuhusu kuelea, godoro la kawaida lingekandamizwa likawa kama chapati, kwa hiyo roboti hubeba matofali ya utomvu mgumu uliochanganywa na viputo vidogo sana vya kioo. Mabaharia hupenda kufunga vikombe vya povu, vile vyeupe vya kahawa, kwenye fremu ya roboti na kuvishusha. Hurudi vimenywea vikatoshana na kifuniko cha chupa ya soda, na maandishi yote yakiwa bado yanasomeka. Kimoja kiko juu ya televisheni yetu, kina jina la binti yangu.

Sasa nieleze kosa langu, maana fundi anayesimulia ushindi mtupu hafundishi mtu. Katika safari yangu ya pili nilikabidhiwa mtungi wa kamera niufunge. Ufungaji wake hutegemea oringi mbili, pete za mpira zinazokaa kwenye mifereji yake, zikipakwa grisi kidogo tu ya kuzifanya zing'ae. Wengi hawajui kwamba kadiri shinikizo linavyoongezeka ndivyo oringi inavyosukumwa upande wa pili wa mfereji na kukaza zaidi, na kwa sababu hiyo maji mara nyingi huingia katika mita za mwanzo, kabla mpira haujakaa mahali pake, wala si kule chini kunakoogopesha. Nilipangusa mfereji kwa kitambaa cha pamba, nikafunga, nikanyonya hewa kwa pampu ya mkono na kusubiri dakika kumi na tano, na mshale wa geji haukusogea. Roboti ikashushwa. Tulipofika mita 60 hivi, taa ya kihisi cha maji ikawaka kwenye kontena, na kipimo cha umeme unaovujia majini kikaanza kupanda. Mkuu wa zamu akaamuru ipandishwe. Ndani ya mtungi mlikuwa na maji ya kujaa kikombe cha chai, na juu ya oringi ya pili ulikuwa umelala uzi mmoja wa pamba, mwembamba kuliko unywele, uliokuwa umefunikwa na grisi wakati wa kupima na kulegea baharini.

Mkuu wangu hakunigombeza. Alinipa daftari la matengenezo niandike mwenyewe, kwa mkono wangu, jina langu, saa, ukubwa wa oringi, na sababu. Meli nzima ilikosa siku ya kazi, na wanasayansi waliosubiri siku hiyo kwa miaka miwili walikula chakula cha jioni kimya kimya. Tangu hapo natumia karatasi zisizoacha nyuzi, na kabla ya kufunga napitisha ukucha kwenye mfereji wote huku taa ikimulika kwa ubavu. Mwenye swali aulize.

Mtaa_wa_Manyatta

Kaka, ahsante kwa uzi huu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya umeme na elektroniki hapa Kisumu. Nina maswali mawili. Kwanza, umefikaje huko ukitokea huku kwetu? Pili, wenzangu wananiambia kwamba bila shahada ya chuo kikuu cha ng'ambo haiwezekani.

Msomaji_Kakamega

Mwanzilishi, maandishi yako ni matamu, lakini naomba niulize bila kuficha. Sisi wa huku tuko zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa. Kenya haina roboti ya kushuka mita 6,000. Vijana wetu wanatafuta kazi ya kuwalisha mwezi huu, nawe unawasimulia habari za vikombe vilivyonywea. Faida iko wapi?

FundiWinam

@Msomaji_Kakamega, swali lako halina ubaya wowote. Maneno haya uliyoyaandika Kakamega yamepita kwenye sakafu ya bahari. Intaneti yetu huingia nchini kwa kebo zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi na kutua Mombasa, zikiwemo TEAMS na SEACOM za mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010, kisha hutujia kwa faiba ya nchi kavu. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na Seacom zilipokatika upande wa kusini mwa Afrika, Afrika Mashariki nzima iliona intaneti ikitambaa. Mkatiko wa namna hiyo hutengenezwa na meli maalumu, na meli hizo hubeba roboti za kukata, kunyanyua na kufukia kebo, na roboti hizo zina oringi, na oringi hizo zina mtu anayezibadilisha. Simwambii kijana aache kutafuta kazi ya mwezi huu. Namwambia kwamba fundi wa pampu na fundi wa roboti ya bahari ni ndugu wa tumbo moja, ingawa mmoja hulala melini.

@Mtaa_wa_Manyatta, njia yangu haikunyooka. Nilisoma stashahada kama yako, kisha miaka mitatu nikawa fundi wa pampu za kunyanyulia maji ya mto Nyando kwa ajili ya mashamba ya mpunga Ahero. Pale ndipo nilipojifunza mota iliyoingia maji ina harufu gani, jinsi ya kupima ukinzani wa vihami vya nyaya kwa kifaa kiitwacho mega, na namna ya kutoamini plagi kwa kuitazama tu. Siku ya usaili nilipewa plagi ya chini ya maji iliyooza pini moja nikaulizwa imeharibikaje. Nilisema kwamba aliyeichomeka aliichomeka ikavu bila grisi, kisha umeme ukawashwa ikiwa na unyevu, ndiyo maana pini yenye umeme imelika na zile nyingine zimebaki nzima. Hakuna aliyeuliza tena juu ya shahada. Wapo mafundi wenzangu wenye shahada, wapo waliotoka jeshini, na yupo mmoja aliyekuwa akitengeneza matrekta.

Vyeti vya lazima, hata hivyo, vipo. Huwezi kupanda meli bila mafunzo ya msingi ya usalama yanayotambuliwa na mkataba wa kimataifa wa STCW, yaani kujiokoa baharini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wako na wa wenzako. Mafunzo hayo hutolewa Mombasa. Utahitaji pia cheti cha daktari na kitabu cha baharia, na katika hili ofisi ya kwenda ni Mamlaka ya Shughuli za Baharini. Kwa upande wa roboti za kazi ya mafuta na kebo, kampuni nyingi hufuata madaraja ya IMCA, chama cha kimataifa cha makandarasi wa baharini, ambapo mtu huanza kama rubani-fundi wa daraja la pili, akiandikiwa saa zake katika kitabu. Ni rubani-fundi, kwa sababu anayeiongoza roboti usiku ndiye anayeifungua asubuhi.

Na hapa naomba uchukue kalamu: mtu akikuambia umtumie pesa ili akupatie nafasi melini, mkimbie. Mkataba wa kazi za baharini wa mwaka 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Mimi mwenyewe niliwahi kutoa elfu arobaini kwa wakala mmoja, na simu yake ikazimwa siku ya tatu.

MvukeNaivasha

Salamu kutoka kaunti ya Nakuru. Mimi ni fundi wa vipimo kwenye visima vya mvuke. Nimesoma habari za magunia saba nikatabasamu, kwa sababu sisi adui wetu ni mwingine. Kisima kinaweza kufika mita 3,000, na huko chini joto hupita nyuzi 300, kwa hiyo kifaa chetu cha kupima joto na shinikizo huwekewa elektroniki yake ndani ya kitu kama chupa ya chai, tena tunashindana na saa: kikikawia chini, joto hupenya na kumbukumbu zote huungua. Oringi za mpira wa kawaida hatuzitaki hata kuziona, maana hurudi zimekuwa kama makaa. Je, kaka, kuna mahali popote baharini mnapokutana na joto letu?

FundiWinam

Dada, karibu sana. Nimefurahi kupata mtu wa fani.

Tunakutana nalo, na kukutana kwenyewe ni kwa ajabu. Kwenye milima ya chini ya bahari, pale ambapo sakafu inapasuka na kuachana, kuna matundu yanayotoa maji ya nyuzi 350 hadi 400. Hayachemki kwa sababu shinikizo limeyafunga. Matundu ya kwanza, yale ya maji ya uvuguvugu, yalionekana mwaka 1977 karibu na visiwa vya Galápagos. Mwaka 1979 watafiti waliokuwa ndani ya nyambizi ndogo Alvin waliyakuta yale yanayofuka moshi mweusi katika Pasifiki, wakachomeka kipimajoto chao, na plastiki ya kipimajoto hicho ikayeyuka. Mhandisi yeyote wa visima vyenu angecheka. Lakini ugumu wetu ni kwamba hatua moja pembeni ya tundu maji yana nyuzi mbili tu. Fimbo moja ya kipimo inaweza kuwa na ncha yenye joto la jiko lenu na mpini wenye baridi ya friji, na kila metali hutanuka kwa kiasi chake.

Baridi nayo ina hila zake. Mtungi ukifungwa sitahani kwenye joto la tropiki, hewa iliyomo ndani ina unyevu. Ukifika chini, unyevu huo hugeuka matone juu ya kioo cha kamera na juu ya saketi, na fundi mgeni huapa kwamba mtungi umevuja ilhali maji hayo yaliingia pamoja na hewa kule juu sitahani. Ndiyo maana tunafukuza hewa kwa naitrojeni kavu, na kuacha ndani vifuko vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya sanduku la viatu. Je, ninyi kisima kinapofungwa mnapimaje kama kifaa hakijavuja kabla ya kukishusha?

MvukeNaivasha

Tunakipima juu kwa shinikizo la maji, na tunakagua uzi wa skurubu kwa miwani ya kukuza. Uzi ukiwa na mchanga, tumekwisha. Nimelipenda hilo la naitrojeni. Sisi huziba asubuhi kukiwa na baridi, tukidhani inatosha.

MzeeGati

Nimesoma yote kwa utulivu. Mimi nilistaafu zamani kwenye karakana ya meli hapa bandarini Kisumu. Wanangu, meli za kwanza za ziwa hili ziliundwa Scotland, zikafunguliwa vipande vipande, zikasafirishwa kwa bahari na kwa reli, kisha zikaungwa hapa hapa kwa ribiti. Kwa hiyo anayesema kwamba huku ni mbali na bahari, amwulize babu yake.

Nina neno juu ya kupima. Tulipokuwa tukipima boila, tuliijaza maji mpaka hewa yote itoke, ndipo tukapiga pampu. Hatukupima kwa hewa hata siku moja. Maji hayabaniki, kwa hiyo chuma kikipasuka utasikia tiki na kuona yakidondoka. Hewa ikibanwa ni kama upinde uliovutwa, chuma kikiachia kinakuja kifuani. Vijana wa siku hizi nawaona wakijaza vitu upepo wa kompresa ya matairi na kusikiliza kwa sikio. Kijana wangu FundiWinam, waambie.

FundiWinam

Mzee wangu, shikamoo. Nasema amina, na naongeza upande wa pili wa jambo hilo hilo ambao wengi hawaufikirii. Mtungi uliovuja kule chini na kupandishwa unaweza kuwa umebeba ndani yake maji na hewa iliyobanwa kwa shinikizo la kina, hasa kama tundu lilipitisha maji kuingia kisha likajiziba. Kifuniko chake kikilegezwa kwa spana, kinaweza kuruka kama risasi. Sisi huweka vali ya kutoa shinikizo, na hata hivyo hakuna anayesimama mbele ya kifuniko. Betri za lithiamu zikiingia maji ni hatari nyingine tena, kwa kuwa hutoa gesi. Mtungi wa namna hiyo huachwa pembeni mwa sitaha, mbali na watu, na bomba la maji likiwa tayari.

Hasara kubwa nazo zipo. Roboti ya Japani iliyoitwa Kaiko, ambayo ilikuwa imefika kina kirefu kuliko vyote duniani, ilipotea mwaka 2003 baada ya kebo yake kukatika. Nereus ya Marekani ilipotea tarehe 10 Mei 2014 kwenye mfereji wa Kermadec, karibu na New Zealand, ikiwa kwenye mita 9,900. Yalionekana mabaki yakielea, na inaaminika kwamba moja ya tufe zake za kauri za kuelea lilibonyea ghafla na kuvuta mengine. Sisi husoma habari hizo kama madereva wa Eldoret wanavyosoma habari za Salgaa, pale barabarani penye ajali nyingi.

KizimbaUsenge

Nimekuwa nikisubiri zamu yangu. Mimi nafuga samaki aina ya ngege kwenye vizimba upande wa Usenge. Nilinunua kihisi cha oksijeni, kile cha mwanga, kwa bei ya ng'ombe wawili. Wiki mbili za kwanza kilisoma vizuri. Sasa kinanionyesha miligramu 8 kwa lita hata alfajiri, na samaki wanakuja juu kupumua kwa midomo. Samaki hawawezi kunidanganya, kwa hiyo mwongo ni kihisi. Nifanyeje?

FundiWinam

Ndugu yangu, hapa ndipo uzi huu unapofika nyumbani. Umefanya jambo ambalo mafundi wengi hushindwa kulifanya, la kumwamini samaki kabla ya kioo.

Chomoa kihisi utazame ncha yake. Bila shaka utakuta utando wa kijani. Mwani huo una pumzi yake, nao hukizuia kihisi kuguswa na maji ya ziwa, kwa hiyo kinapima hali ya mwani uliokikalia, wala si ya ziwa. Kipanguse kwa sifongo laini na maji safi, au brashi ya meno iliyokwisha makali. Usitumie spiriti wala petroli, kwa sababu ile rangi ya mwishoni ndiyo inayopima: hupigwa mwanga, nayo hupungua kung'aa kadiri oksijeni inavyozidi, na dawa kali huiondoa. Ziwani kwetu, ambako mwani una njaa ya kukua, fanya hivyo kila siku ya tatu.

La pili, na hili nakuomba ulisome mara mbili, kwa sababu nimelikuta mara tatu tangu nirudi. Kifaa chako kilipotoka kiwandani, bila shaka kilichukulia kwamba uko usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita 1,135 hivi juu ya bahari, na hewa ya hapa ina shinikizo la takriban asilimia 87 ya lile la pwani. Maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba oksijeni Mombasa huwa na miligramu 8.26 kwa lita yakiwa hayana chumvi, lakini yale yale hapa kwetu hushiba kwenye miligramu 7.2 hivi. Ukikipima kifaa chako hewani bila kukiambia uko wapi, kitakusomea zaidi ya kweli kwa kiasi kama sehemu moja ya saba, na kwenye miligramu 3, ambapo ngege huanza kuhangaika, sehemu hiyo ni tofauti ya kulala na kuamka. Tafuta kwenye mipangilio mahali pa kuingiza mwinuko au shinikizo la hewa. Kisha funga kihisi ndani ya chupa yenye tambara bichi bila kuligusa, usubiri kitulie, na ukipe asilimia mia moja hapo.

Kosa hilo hilo huwapata wanaoleta vipimakina vya bahari ziwani. Kipimakina hupima shinikizo, si mita, na kama sifuri yake iliwekwa pwani, hapa kikiwa mezani kitakuambia uko mita moja na robo juu ya maji. Kihisi cha chumvi nacho hushangaa: maji ya bahari hupitisha umeme kwa kiasi cha maikrosimensi 50,000 kwa sentimita, na maji yetu ni 100 hivi. Hata roboti yenyewe ingezama, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito kuliko haya kwa asilimia mbili na nusu. Chombo kinachosukuma lita 3,000 za maji, kilichosawazishwa baharini mpaka kikakaa katikati bila kupanda wala kushuka, kikiletwa hapa ziwani Dunga kitashuka kama mtu aliyebebeshwa kilo 75.

KizimbaUsenge

Nimekiosha jana jioni na kuingiza mwinuko. Leo saa kumi na moja alfajiri kimesoma 3.4. Nimesogeza vizimba viwili kwenye maji yenye mkondo. Ubarikiwe, omera.

Msomaji_Kakamega

Hili la vizimba nimelielewa. Naondoa nusu ya swali langu.

Mtaa_wa_Manyatta

Kaka, sisi wanafunzi wanne tunataka kutengeneza kifaa kidogo cha kushuka kwenye ghuba na kupima joto na oksijeni karibu na tope. Tumefikiria bomba la plastiki la inchi nne, vifuniko viwili, na oringi kutoka duka la vipuri vya pikipiki. Tutakijaribuje bila kuwa na vyombo vya mamilioni?

FundiWinam

Bomba hilo latosha, kwa sababu sehemu kubwa ya ghuba ya Winam haifiki mita kumi na tano. Bari moja ni karibu mita kumi za maji, kwa hiyo mkikijaribu hadi bari tatu mna akiba ya kutosha, na msipite hapo, maana bomba la plastiki lililobanwa kutoka nje hubonyea mapema kuliko linavyopasuka kutoka ndani. Mko Winam, hamwendi Kermadec.

Tafuteni kipande cha bomba nene la chuma la inchi sita au nane, fundi mzuri wa Kibuye achomelee kitako upande mmoja na flanji yenye bolti upande wa pili. Wekeni kifaa chenu ndani kikiwa na karatasi ya tishu badala ya elektroniki, jazeni maji mpaka hewa yote itoke kama alivyosema Mzee, kisha pigeni pampu ya mkono ya mafundi wa mabomba. Shikilieni kwa saa moja. Shusheni polepole. Rudieni mara tatu kabla hamjaweka betri. Oringi za pikipiki si mbaya, lakini pimeni mfereji kwa kalipa, kwa sababu oringi isiyobanwa inavuja na iliyobanwa kupita kiasi hukatika. Na tangu siku ya kwanza mwe na daftari.

MzeeGati

Uchomeleaji huo nitautazama mimi kabla hamjapiga hata pampu moja. Pampu ninayo nyumbani Milimani, ina geji nzuri. Njooni na kitambulisho.

Mtaa_wa_Manyatta

Narudi baada ya siku kumi na moja. Jaribio la kwanza: tishu iliroa upande wa kifuniko cha chini, kwenye bari moja tu, kama kaka alivyosema kuhusu mita za mwanzo. Tulipofungua tulikuta mfereji una mkwaruzo wa msasa uliopita kwa kukatiza. Tumeulainisha kwa kufuata mzunguko. Jaribio la pili: bari tatu, saa moja, tishu kavu. La tatu: kavu. La nne, tulibadilisha mtu wa kufunga ili tuone kama ni bahati ya mkono wa mtu mmoja: kavu. Yote yameandikwa.

FundiWinam

Hilo la kubadilisha mtu sikuwafundisha. Nani alilifikiria?

Mtaa_wa_Manyatta

Ni dada mmoja katika kikundi chetu. Alisema mama yake akimjaribu mpishi mpya humpikisha chapati moja tu kwanza.

MzeeGati

Vyema. Pampu irudi Jumamosi kabla ya saa nne, nina tangi la mtu la kupima.